Kamera Isiyo na Mkanda

Watu walimwita Laini, kwa kuwa maneno yake yalimshuka msikilizaji bila kutafunwa. Siku alipoona vijana wawili wakigombania kamera kuukuu kwenye duka la mitumba, huku simu zao zimejaa picha wasizozitazama, alijua riziki imebisha hodi. Watu walikuwa wakizitamani tena picha za kungojewa: upigwe, mkanda ukasafishwe gizani, kisha uipokee picha yako kwa mikono miwili.

Laini aliona uzuri mwingine. Kamera ile haionyeshi kitu papo hapo. Basi mkanda wa nini?

Akanunua moja, akaanza kuzunguka nayo majumbani ikiwa tupu. Anabofya, anachukua malipo ya awali, anaahidi picha wiki ijayo, anahamia mtaa mwingine. Na kwa kuwa binadamu huheshimu kinachomsumbua, akatunga masharti: usicheke, usitikisike, fumba macho mpaka nuru itulie. Masharti yalivyozidi, ndivyo pochi zilivyofunguka.

Siku moja mama mmoja mwenye miwani akamwita kwenye chumba cha nyumba ya wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka ukoo wangu mzima upigwe, mpaka vitukuu. Ila fundi asiyewahi kukaa mbele ya kamera yake mwenyewe simwamini. Nani hukupiga wewe?"

"Mimi? Hakuna, mama."

"Ndiyo yale ya kinyozi hajinyoi. Lete, nikupige moja, kisha tuzungumze kazi."

Ukoo mzima! Laini akampa kamera.

"Begi liweke kando, linaharibu picha. Na koti. Haya, fumba macho, nuru itulie."

Angekataaje? Masharti ni yake. Akaliweka kando begi lenye malipo ya wiki nzima, akavua koti, akafumba. Alijua fika kwamba ndani ya kamera hamna kitu, hata hivyo akabana tumbo, akainua kidevu, akamkumbuka mama yake mzazi, ambaye hakuwa na picha hata moja ya mwanawe akiwa mtu mzima. Moyo wa mtu ni kitu cha ajabu: hata tapeli hutaka kutazamwa vizuri mara moja.

"Umependeza," ilisema sauti. "Nasogea nyuma kidogo, uingie wote."

"Sawa, mama."

"Nasogea tena." Sauti sasa ilitokea mlangoni. "Usifumbue."

Kukawa kimya. Laini alimsifu moyoni: huyu ana subira, si kama vijana wa simu.

Mlango ukalia.

"Kaka, unafanya nini?" Alikuwa mhudumu, na ndoo yake ya kupigia deki.

"Napigwa picha," Laini akajibu bila kuchezesha midomo.

"Na nani? Mama yako ameshapanda teksi na begi, koti na kamera. Kasema chumba atalipa mwanawe."

Laini akafumbua jicho moja, halafu la pili. Tumbo alikuwa bado amelibana.