Viwanja Ndani ya Laptop ya Kamera

Siku hiyo gazeti lilikuwa la Dalali, kwa maana kwamba yeye ndiye aliyelinunua, lakini lilikuwa mikononi mwa kila mtu isipokuwa yeye. Ndiyo sheria ya kijiwe cha Mama Birika: kitu kikifunguliwa juu ya benchi, ni cha benchi. Ukifungua gazeti, ni la wote. Ukifungua pakiti ya karanga, hesabu umeitoa sadaka. Kuna siku Daktari wa Geti alifungua boksi la miwani mpya, na mpaka anaondoka miwani ilikuwa imeshapita kwenye pua zote za pale na kumrudia imelegea mikono kama koti la kurithi.

"Jamani, sikilizeni maajabu," alisema Mjumbe, akilikung'uta gazeti kama mtu anayetaka kusoma bajeti. Mjumbe aliwahi kugombea uenyekiti wa mtaa, akashindwa vibaya, ila cheo hakukirudisha. "Laptop mpya zote zinatoka kiwandani hazina mlango wa CD. Wameuondoa."

"Wameupeleka wapi?" aliuliza Daktari wa Geti.

"Wameuondoa tu, mzee. Wanasema watu hawatumii tena CD, na wanataka mashine iwe nyembamba."

"Nyembamba ya nini, inaolewa?" Daktari aliweka kikombe chini. Huyu alikuwa mlinzi wa geti la hospitali mpaka alipostaafu, na kila ugonjwa ulioingia kwa geti lile aliuhesabu kuwa aliutibu yeye. "Mimi nyumbani nina CD sanduku zima. Nizifanyeje, nizining'inize shambani zifukuze ndege?"

"Ndiyo kazi yake sasa," alisema Bisibisi, fundi mwenye meza yake pale kwenye ncha ya benchi, bila kuinua macho kutoka kwenye tumbo la redio.

"Hiyo ni njama," alisema Dalali. "Wanakutolea kitu ndani, halafu wanakuuzia kitu hichohicho pembeni. Naijua hiyo. Nyumba ikiwa haina jiko, mimi namwambia mpangaji jiko lipo, ila linajitegemea."

"Linajitegemea wapi?" Mama Birika alimuuliza, akimmiminia kahawa.

"Popote atakapolijenga."

Watu walikuwa bado wanacheka Kamera alipofika, amekumbatia begi lake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Akaliona gazeti, akasoma kichwa cha habari juu ya bega la Mjumbe, akasema, "Basi mimi wangu nautoa leo. Bisibisi, umeniwekea kile kikasha?"

Benchi likaongea lote kwa mpigo.

"Unautoa kwa hiari yako?"

"Umeshauriana na nani?"

"Ukoo unajua?"

Kamera hakuwa anatania. Kazi yake ni kupiga video za harusi, na ugonjwa wake ni kutojua kusema hapana. Laptop yake ilikuwa imejaa harusi za watu mpaka pomoni. Wateja wakimwambia "nitunzie, nitapita kuchukua," anatunza, nao hawapiti. Mle ndani kulikuwa na maharusi walioachana zamani lakini bado wanalishana keki. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeoa, akaacha, akaoa tena, na harusi zake mbili zimekaa jirani bila ugomvi wowote. Kamera hafuti.

Mara moja tu maishani aliwahi kufuta, na ilimtokea puani. Ilikuwa sherehe ya baba mkwe wake kustaafu. Usiku huo alihamishia video kwenye laptop, akaona mambo yanaingia vizuri, akaifuta kadi ya kamera kwa ajili ya kazi nyingine. Kumbe mashine ilimeza wapishi, ikameza viti, ikammeza na mbwa wa jirani, ilipofika kwenye hotuba ya mzee ikaandika kwamba nafasi imejaa. Hadi leo video hiyo inamwonyesha baba mkwe anafungua mdomo, basi. Tangu hapo mzee hamwiti tena "mwanangu". Anamwita "yule bwana".

Na Jumamosi hii anaolewa shemeji yake, kitinda mimba wa nyumba ile. Kamera akawaeleza benchi alivyoambiwa na mkewe asubuhi, kwa upole ule wa kutisha: "Safari hii ikijaa, begi liache hukohuko. Wewe rudi na maelezo ya kumpa baba."

"Kwa hiyo ni ndoa inapigania roho," alisema Mjumbe.

"Ni ndoa," alisema Kamera. "Yangu, siyo ya Jumamosi."

Bisibisi akaisukuma redio kando, akatandika kitambaa juu ya benchi, kwa kuwa mezani hapakuwa na pa kuweka hata msumari. "Ni jambo dogo. Hiki kidude cha CD kinatoka. Mahali pake kinaingia hiki kikasha, umbo lilelile, na ndani ya kikasha nimeshafunga diski mpya, tera nzima ya nafasi. Ile ya zamani inabaki palepale, maana ndiyo inayoiamsha mashine."

"Yaani bi mkubwa habanduki chumbani," alisema Daktari, "ila bi mdogo anapewa chumba cha wageni."

"Na wewe huko kwako unakaa chumba gani?" aliuliza Mama Birika.

"Mimi niko ukumbini, mama. Tuendelee na upasuaji. Mgonjwa amekula?"

"Mgonjwa ni laptop, mzee."

"Nauliza chaji! Mgonjwa haingii chumba cha upasuaji ameshiba."

Bisibisi aliizima, akaitoa betri, akaipindua kifudifudi. Akafungua skrubu moja, akasukuma kidogo kwa ncha ya kucha, na kile kidude cha CD kikateleza nje kama droo ya kabati.

"Skrubu moja?" Mjumbe alishangaa. "Kitu kikubwa chote hiki kilikuwa kimeshikiliwa na skrubu moja?"

"Hata wewe kwenye kampeni ulishikiliwa na mtu mmoja," alisema Dalali. "Na siku ya kura alisafiri."

Kamera hakucheka. Alikuwa anatazama lile pengo ubavuni mwa mashine yake. Bisibisi alikibandua kile kibamba cha mbele cha kidude cha zamani, akakipachika kwenye kikasha kipya ili kwa nje pasionekane tofauti.

"Meno ya bandia," alisema Daktari. "Nimeyaona mengi sana pale getini. Mtu anaingia nayo, anatoka hana."

Kikasha kikasukumwa ndani. Kikakwama.

"Piga tupa!" alisema Dalali.

"Paka mafuta," alisema Daktari.

"Tuunde kamati," alisema Mjumbe.

Bisibisi akakitoa, akapuliza vumbi, akakirudisha kikiwa kimelala sawa, kikaingia. Akakaza skrubu, akarudisha betri, akawasha. Wote wakainama. Hata Mama Birika aliliacha birika linachemka peke yake. Mashine ilifikiri, ikafikiri tena, halafu ikaamka. Bisibisi akaiandaa diski mpya, akabofya hapa na pale, na kwenye kioo likatokea dirisha jeupe, pana, halina kitu hata kimoja.

Kamera aliiona Jumamosi imeshapita salama. Alimwona baba mkwe amesimama na kipaza sauti, anaongea mwanzo hadi mwisho, na mwisho unaonekana.

Hapo ndipo alipotakiwa kuifunga laptop, ashukuru, aende zake. Hakuifunga. Aliigeuza ili watu waione vizuri. Furaha ina wazimu wake.

Dalali alilitazama lile dirisha jeupe kwa muda. Macho yake yakawa yale ya siku anapoonyeshwa kiwanja ambacho ukuta wake umebomoka.

"Eneo lote hili," alisema taratibu, "halina mtu?"

"Ni langu," alisema Kamera.

"Najua ni lako. Nauliza kama lina mtu."

"Imefunguliwa wapi?" Mjumbe aliingilia, kidole juu. "Ndugu wajumbe, mashine hii imefunguliwa wapi?"

"Juu ya benchi," Daktari alijibu haraka mno.

"Siyo juu ya meza ya fundi?"

"Juu ya benchi. Nimeona kwa macho yangu, skrubu iliwekwa hapa karibu na paja langu."

"Basi sheria inajulikana."

"Jamani, sheria ni ya karanga!" alilia Kamera.

"Sheria haichagui," alisema Mjumbe. Akatoa bunda la funguo mfukoni, na katikati ya funguo ikaning'inia flashi. "Mimi sina makuu. Nina hotuba zangu za kampeni. Zote zimerekodiwa. Vizazi vitazihitaji."

"Kizazi kilichokusikia hakikuzihitaji," alisema Mama Birika.

"Ndiyo maana nimesema vizazi."

Bisibisi alicheka, akashika redio yake. Yeye alishamaliza, ya ndani hayamhusu. Na Kamera? Kamera alifungua mdomo kusema hapana, akaanza, kama kawaida yake, kuhesabu fadhila za watu. Huyu Dalali ndiye anayemletea wateja wengi. Mjumbe ndiye aliyemtetea siku jenereta lake lilipogombana na mtaa. Daktari alimtafutia mtoto wake kitanda hospitali, au alisema alimtafutia. Akasema, "Sawa, lakini kidogo tu."

Kidogo tu! Hilo neno lilipokelewa kama hatimiliki.

Dalali ndiye aliyepima. Akaweka kidole kwenye kioo: "Hapa juu ni barabarani, pana biashara, naweka nyumba zangu za kupangisha." Picha zikaanza kumiminika. Ilikuwa nyumba ileile moja, imepigwa mbele, nyuma, kushoto na kulia, na kila upande una jina na mtaa wake.

"Mimi nipe panapopitisha hewa," alisema Daktari. "Nina mafunzo yangu ya afya niliyoyarekodi kwa sauti. Moja la figo, moja la mgongo, na moja refu kuhusu watu wanaovuka geti bila kusalimia."

"Kila mmoja apate ramani," alisema Mjumbe. Tayari alikuwa ametengeneza folda na kuiita Ofisi Kuu. Ndani yake akatengeneza nyingine, Ofisi Ndogo. Ndani ya hiyo, Chumba cha Kusubiri. Vyote havikuwa na kitu. "Hizi ni za maendeleo ya baadaye."

"Umeziba eneo la wazi!" Daktari alifoka. "Watoto watacheza wapi?"

"Watoto gani, ndani ya laptop?"

"Nazungumzia utaratibu!"

Mstari wa kijani unaoonyesha mafaili yanavyoingia ulizidi kusogea. Flashi zilitoka mifukoni, kwenye soksi, moja ilitoka ndani ya kofia. Dalali alichomeka na simu, akakumbuka ana filamu zake. Mjumbe alikumbuka kwamba hotuba zile zina nakala za ziada, kwa kuwa nyingine alizirekodi akizifanyia mazoezi bafuni.

"Na harusi ya shemeji yangu?" Kamera aliuliza.

Waligeuka wote, kama watu waliosahau kwamba mwenye nyumba bado anaishi humo.

"Kuna sehemu hapa chini," alisema Dalali kwa huruma. "Pembeni kidogo, lakini panajengeka."

"Ila upitie kwenye kamati," aliongeza Mjumbe.

Simu ya Kamera ikaita. Mke wake. Akaisogeza sikioni, akabonyeza spika kwa makosa, na sauti ya mkewe ikatoka nje yote.

"Umepata nafasi au hukupata? Mama yuko hapa pembeni yangu. Na anauliza, nani wa kubeba taa? Wale wasaidizi wako mwaka huu mbona siwaoni? Kuna taa, kuna nyaya za kukunja, kuna mtu wa kusimama juu ya meza na ile taa kubwa. Jumamosi, mwisho wa kufika ukumbini ni saa kumi na moja alfajiri."

Kamera aliwatazama wamiliki wapya wa diski yake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi," alisema, sauti imepanda. "Nafasi ipo, na watu wapo. Kuna Mjumbe, kuna Dalali, kuna Daktari. Wameweka mali zao humu ndani, sasa sisi ni kitu kimoja. Taa kubwa atasimama nayo Mjumbe. Nyaya ni za Dalali. Daktari atabeba jenereta, ni mkongwe lakini ana nguvu."

"Mungu awabariki," ilisema sauti ya mama mkwe kwa mbali. "Waambie waje na viatu vya kufanyia kazi."

Simu ikakatika.

Daktari wa Geti ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kiuno. "Unajua, huu mgongo wangu... yale mafunzo ya mgongo niliyarekodi kwa uchungu wangu mwenyewe."

"Utakuja tu, mzee. Kiwanja unacho."

"Ndiyo, lakini hapa nilipopewa, hewa haipiti vizuri. Nifutie. Nimesamehe." Kamera, kwa mara ya pili maishani, akafuta.

"Na mimi," alisema Dalali, anafuta picha zake na kuchomoa simu kabla hata filamu haijamaliza kuingia. "Jumamosi nina mteja. Mteja mkali sana. Anataka kuona nyumba pande zote nne."

Mjumbe alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Ndugu zangu, uongozi ni kujua wakati wa kuachia ngazi." Akafuta hotuba zake zote, akafuta Chumba cha Kusubiri, akafuta Ofisi Ndogo, akafuta Ofisi Kuu, akarudisha flashi kwenye funguo zake na kuondoka kwa hatua za mtu mwenye kikao. Mwenzake mmoja alielekea kulia, mwingine kushoto. Gazeti likabaki peke yake juu ya benchi, halina msomaji.

Bisibisi alichungulia kwenye kioo. Dirisha lilikuwa jeupe tena, jeupe pepepe. "Nimekuwa fundi siku nyingi," alisema, "lakini programu ya kusafisha diski kwa kasi hii, sijawahi kuiona."

Kamera akaifunga laptop haraka, akaitia begini, akavuta zipu mpaka mwisho. Nafasi alikuwa nayo. Watu wa taa ndio hakuwa nao hata mmoja, na alishampa mama mkwe majina.

"Mimi nitakuja," alisema Mama Birika, akisuuza vikombe.

Kamera aligeuka. "Kweli, mama?"

"Mkono huu unashika birika la moto kutwa nzima, taa itanishinda? Na nyaya nitazikunja. Kwenye hiyo mashine yako sina cha kuweka, sina hata flashi."

"Mama, sijui nikushukuru vipi. Sema lolote."

"Nataka kukaa meza ya mbele."

Kamera akafungua mdomo kumwambia kwamba meza ya mbele ni ya baba mkwe na wazee wenzake, na wameshagombania viti vyake wiki nzima. Akaufunga. Akasogea pembeni kidogo, akatoa simu, akampigia mkewe kumuuliza kama pale mbele bado kuna nafasi.