Mgongo Ambao Haukuumbiwa Viazi

Makambako,
16 Juni 2024

Kwa Baba Mkwe, Mzee Kasimiri,
Wanging'ombe.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BINTI YAKO KWA KUPUUZA SAYANSI YA VIUMBE

Shikamoo Baba. Naamini baridi ya mwaka huu haijawazidi nguvu. Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu Conjesta alipowachukua watoto wetu wawili akarudi kwako, leo siku ya kumi na tisa. Nasikia amekueleza kwamba amechoka kuishi na mume asiyegusa jembe. Kwa kuwa nimefundisha baiolojia miaka kumi na mitatu, sina budi kulalamika kwa utaratibu.

1. Binti yako hataki kuelewa kwamba kazi ndiyo huunda kiungo. Chukua fuko anayetumalizia viazi. Huchimba kwa meno, ndiyo maana meno yake yametokeza nje ya midomo, ili afumbe kinywa asile udongo. Macho yamebaki kama punje za ulezi, maana huko chini hakuna cha kutazama. Hakuna anayemlaumu fuko kwa kutosoma gazeti. Kwa nini mimi nilaumiwe kwa kutochimba?

2. Nyangumi wa kale alikuwa na miguu minne. Wazao wake walipohamia baharini, ile ya nyuma ikasinyaa kizazi hadi kizazi, vikabaki vifupa tu ndani ya mwili. Nami nilipohamia ofisi ya walimu niliachana na jembe. Viganja vyangu ni laini kama maandazi. Tumbo limesogea mbele lipate kuegemea meza. Sehemu ya kukalia, samahani Baba, imechukua umbo la kochi, au kochi limechukua umbo lake. Hilo bado nalifanyia utafiti.

3. Nilimfafanulia Conjesta hayo yote siku aliyotoka shambani na ndoo ya viazi kichwani. Hakuitua hata ndoo. Alisema, watoto wakisikia: "Mwalimu, hayo mageuzi yako hayambadilishi mtu mmoja aliyekaa. Yanachagua nani abaki na nani aachwe. Basi mimi nimeshachagua." Kinachoniuma zaidi ni kwamba yuko sahihi. Nimeangalia kwenye kitabu.

4. Hata wewe Baba huwezi kukwepa lawama. Siku ya mahari uliwafunua ng'ombe wangu vinywa ukakagua meno, mmoja baada ya mwingine. Mikono yangu hukuikagua. Kosa hilo lilifanyika uani kwako.

Kwa hiyo naomba uthibitishe kwa maandishi kwamba mkweo ni kiumbe wa kukaa, kisha unirudishie mke wangu kabla sijatoweka duniani kama viumbe wengine walioshindwa. Dalili zimeanza: jana nimekula ugali mbichi katikati.

Msalimie sana Mama, shemeji Benno, watoto wangu, na majirani wote wanaonicheka.

Ni mimi mkweo mtiifu, mwenye mwili wa kitaalamu,
Mwl. Vitus Mligo

Nyongeza: Baba, barua hii imekaa mezani siku mbili. Viazi vilikuwa vinaozea ardhini, nikachukua jembe la Conjesta nikaenda. Nimechimba mistari saba. Mgongo umeuma vibaya lakini haukukatika. Kumbe ni mgongo kama wa watu wengine. Nikarudi na matope hadi magotini, nikafungua mlango, na hakuna mtu aliyeniambia pole na kazi. Nilisimama pale pale na aibu ikanishika. Miaka tisa Conjesta ameingia kwa mlango huo huku nimekaa namtazama, na sijapata kumwambia hata mara moja. Namba moja hadi nne zichane. Jumamosi nakuja kumwambia mbele yako, hata kama hatarudi.