Bunduki ya Bata

Jumatatu, 1 Julai 2013. Kasulu.

Msimu wa kuwinda ndege umefunguliwa leo. Na mimi, Melkiadi, sina bunduki! Khatibu wa duka la jirani anayo. Ya mtutu mmoja, kitako kimefungwa waya. Asubuhi amepita mbele ya kibanda changu ameitundika begani kama askari wa gwaride. Akaniuliza sungura wangu wanaendeleaje. Anajua fika kwamba wote walitoroka. Mchokozi mkubwa!

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili Mzee Kipriani wa Titye anatoa jibu la posa yangu kwa binti yake Immakulata. Immakulata ameninong'oneza kwamba baba yake ananiona mtu wa mipango, si mtu wa maana. Lakini nyama ya kwale anaipenda kupita kiasi. Basi! Nitampelekea kwale niliowapiga mwenyewe kwa bunduki ya heshima. Mitutu miwili, imelala sambamba. Nani atamnyima binti mtu mwenye mitutu miwili?

Jumatano, 3 Julai. Kibondo.

Nimefika kwa Mzee Bazilio, mwindaji mstaafu anayeuza bunduki zake mbili. Zote mitutu miwili. Ya kwanza nyepesi, haina pambo lolote. Ya pili nzito, na ubavuni imechorwa bata wanaruka. Bata!

Mzee akanifundisha kuchagua. Fumba macho, inua hadi shavuni, fumbua. Ukiona njia iliyonyooka katikati ya mitutu, bunduki imekukubali. Ya kwanza: njia imenyooka kabisa. Ya bata: nikaona paa la choo cha jirani. Akasema bunduki ni kama shati, mtu huchukua linalomtosha. Nikamjibu kwamba shati la harusi huchaguliwa kwa urembo. Akanitazama sana, nadhani kwa kuvutiwa.

Nimechagua ya bata. Karatasi za polisi bado, kwa hiyo inabaki kwake, na Jumamosi ataileta Titye tuwinde naye, mwenye leseni.

Ijumaa, 5 Julai. Kasulu.

Mazoezi ya kulenga kwa mpini wa jembe. Shingo imekakamaa. Nimemwalika Khatibu kesho, makusudi, aje aone bunduki inavyokuwa. Amekubali haraka mno. Sijali.

Jumamosi, 6 Julai. Titye.

Aibu! Acha niandike tu yaishe.

Asubuhi, umande, mabua ya mahindi. Bazilio akanyoosha kidole. Kundi la kwale, wanene, wanadonoa mbele yetu. Nikainua bata wangu. Mara nyuma yetu kikohozi. Mzee Kipriani, na jembe lake begani! Baba wa Immakulata! Mikono yangu ikafanya ilichofunzwa tangu utotoni: ikalaza bunduki chini, nikainama, nikapiga makofi ya salamu yetu Waha. Mwakeye, mwakeye! Mzee akaweka jembe chini, akaitikia kwa makofi. Bazilio naye ni Muha, akapiga yake. Tukaulizana habari za nyumbani, za mbuzi, za maharage. Salamu yetu haikatwi katikati.

Kwale waliruka kwa kofi la kwanza. Khatibu, ambaye wazazi wake walitoka Pwani, alitoa shikamoo kwa mdomo tu, mikono ikabaki kwenye bunduki. Pa! Kwale chini. Kwa ile bunduki ya waya! Akamkabidhi Mzee Kipriani kwale huyo kwa adabu zote. Nalala njaa kwa hasira.

Jumapili, 7 Julai. Titye.

Posa imekubaliwa! Immakulata ni wangu! Nimelia mbele ya watu na sioni haya.

Mzee Kipriani alieleza mbele ya ukoo mzima. Alisema jana alimwona mtu aliyeacha nyama iliyo mbele yake na kuweka silaha chini ili amsalimu mzee ipasavyo. Mtu wa namna hiyo atamheshimu na binti yake. Kwale, akasema, hata Khatibu anaweza kuleta. Khatibu alikuwepo, akacheka kuliko wote, akanipa mkono. Kumbe si mtu mbaya sana.

Maneno ya mzee ni mazuri, lakini mimi si mjinga. Najua kilichomlainisha. Nilipoilaza bunduki chini, ubavu wenye bata ulikuwa juu. Aliwaona!

Kesho narudi Kibondo kumwuliza Bazilio kama anamfahamu mwenye bunduki iliyochorwa tembo. Hiyo itafaa siku ya harusi.