Kuhusu Mbuzi Mliowafundisha Kukumbatiana

Bonde la Elver, Wisconsin
21 Desemba

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni cha Mabonde ya Magharibi

Ndugu Mkurugenzi, Bi. Vossberg,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba theluji ya huko mjini haijawafikia madirishani kama ya huku. Sisi hatujambo, isipokuwa mdogo wangu Orrin, aliyepoteza jino la mbele Jumamosi iliyopita. Jino hilo limeng'olewa na kituo chako. Nitaeleza kwa utaratibu ili usije ukadhani nakuonea.

Tangu mwaka 1966, nikiwa na miaka sita na Orrin minne, kituo chenu kimetuonyesha kila Desemba ile filamu ya vikaragosi, *Mbuzi Wawili na Kengele Moja*. Huenda wewe ni mgeni kazini, basi nikukumbushe. Mbuzi wawili wa tumbo moja wanavuta sleji, lile gari la kuteleza kwenye theluji, ya Mzee wa Zawadi. Wanagombea nani avae kengele, sleji inakwama, watoto wa dunia nzima wanakaribia kukosa zawadi. Mwishowe mbuzi wanasimama uso kwa uso kwenye theluji, wanainamisha vichwa kwa pumzi tatu, na ugomvi umekwisha. Hakuna neno linalosemwa. Nimeitazama filamu hiyo tangu utotoni, na hadi leo sehemu ile machozi hunilengalenga, ingawa mke wangu huambiwa ni moshi wa jiko.

Mwaka huu mlitangaza kwa mbwembwe kwamba filamu imesafishwa, imeng'arishwa na kurekebishwa ili iendane na watazamaji wa leo. Sisi watazamaji wa leo tulikaa tukaitazama. Malalamiko yetu ni haya.

1. Buti. Katika filamu ya zamani Mzee wa Zawadi akifika kwenye nyumba ya watu huvua buti mlangoni, huzigeuza zitazame nje, kisha hupita na soksi. Hakuna aliyetuambia kwamba huo ni ustaarabu wa Tokyo, ambako vikaragosi vile vilitengenezwa. Tulidhani ndivyo wazee wenye heshima zao wanavyoingia majumbani, na tangu hapo bonde zima hugeuza buti mkesha wa Krismasi, hata buti za marehemu. Mwaka huu, kwa kompyuta zenu, mmempitisha na buti mpaka katikati ya zulia. Mke wangu Marlys, mwanamke mpole ambaye hajawahi kuikemea televisheni, aliinuka akaenda kuchukua kitambaa cha deki. Alifika nusu ya njia ndipo akakumbuka kwamba zulia si letu.

2. Keki. Zamani mbuzi walikaribishwa keki nyeupe yenye stroberi juu yake, kama ya Krismasi ya huko Tokyo. Stroberi, katikati ya Desemba! Mama zetu hawakuuliza zimetoka wapi. Walijifunza kuchuma za Juni na kuzigandisha, na mpaka leo hakuna nyumba ya bonde hili inayokula keki nyingine siku hiyo. Mmeiondoa mkaweka keki nyeusi ya zabibu kavu, mkasema hiyo ndiyo ya asili. Asili ya nani? Nina mafriza mawili yaliyojaa stroberi. Nakuuliza kwa heshima zote, nizipeleke wapi?

3. Kuinama. Hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo uniwie radhi nikienda polepole.

Mwaka juzi nilimwandikia Bw. Kuramochi Isamu wa Tokyo, mmoja wa mafundi waliowasogeza mbuzi wale kwa vidole, kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine. Amestaafu siku nyingi, na magoti yanamsumbua kama yangu. Alinijibu kwa ukarimu. Alisema karakana nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kufuga mbuzi, kwa hiyo walipanda treni kwenda Nara kuwatazama kulungu wanaozurura katika bustani ya huko. Kulungu hao huwainamia wageni ili wapewe biskuti. Isitoshe, waya za mabega zilikuwa dhaifu, kikaragosi kikiinua miguu ya mbele inavunjika. Maelezo kutoka Amerika yalidai kwamba ndugu hawa "wapatane kwa namna ya kugusa moyo." Aliandika: "Basi niliwainamisha. Kwetu hilo linatosha." Halafu akauliza kama mbuzi wake bado wanaonyeshwa. Nilimjibu kwamba hawaonyeshwi tu, wanatawala.

Sikutia chumvi. Halmashauri yetu kura zikilingana, pande mbili husimama na kuinamiana, na anayeinuka wa mwisho ndiye anayekubaliwa. Askari wa wilaya humwinamia mlevi kabla ya kumpakia garini, na mlevi akiweza humjibu. Sisi ni watu wenye asili ya Norwe, Bi. Vossberg. Baba yangu alimshika mama yangu hadharani mara moja tu maishani, na hiyo ni kwa sababu alikuwa anateleza kwenye barafu. Watu kama sisi tungepatana vipi bila mbuzi wale?

Mama yetu, Borghild, ndiye aliyeanzisha desturi nyumbani. Filamu ikiisha alipunguza sauti ya televisheni, akatugeukia mimi na Orrin, akasema: "Haya, mbuzi wangu." Tulisimama kwenye mkeka, tukainamiana kwa pumzi tatu, akasema basi, tukala lefse, vile vichapati vyetu vya viazi, kwa siagi na sukari. Tuligombana kwa sababu ya mbwa, ya trekta, ya mpaka wa shamba, ya msichana mmoja aliyekuja kuolewa na mtu wa Iowa. Hakuna ugomvi uliovuka Krismasi. Mwaka wowote tulijua unaishia wapi, kwa hiyo tuligombana kwa amani kabisa.

4. Sababu mliyoitoa. Tangazo lenu lilisema mtazamaji anaweza kudhani mbuzi wakiinamisha vichwa wanajiandaa kupigana. Bi. Vossberg, bonde hili lote ni wafugaji. Tulilijua hilo tangu jioni ya kwanza. Mama yangu alituambia palepale kwamba mbuzi wa kweli wangepasuana vipaji vya nyuso, na ndiyo maana ni muujiza wa Krismasi.

Sasa nyinyi mmewasimamisha kwa miguu ya nyuma, wakawekeana ile ya mbele mabegani, mnasema wamekumbatiana. Naomba usome sentensi inayofuata ukiwa peke yako. Sisi tunaofuga tunajua beberu akimwekea mwenzake miguu ya mbele mabegani anatafuta nini, na si amani. Mchungaji Lien alikuwa anatazama na watoto wa shule ya Jumapili katika ukumbi wa kanisa. Aliwahi kuwaziba macho watoto wawili kwa kitabu cha nyimbo, lakini waliobaki walikuwa kumi na mmoja, nao wanatoka mashambani.

5. Orrin. Mama alifariki Februari. Wiki hiyo Orrin aliazima mashine yangu ya kuondolea theluji, akairudisha bila tone la oili. Asubuhi ya mazishi theluji ilikuwa imefika kiunoni, mashine ikakohoa mara moja ikafa, nami nikachimba njia kwa koleo kutoka mlangoni mpaka barabarani huku nikilia kwa hasira. Nilichelewa kumzika mama yangu. Kaburi lilikuwa bado wazi, kwa bahati tu. Na unajua nilimkuta Orrin anafanya nini? Anaimba. Anaongoza watu kwa ile sauti yake nzito ya bezi, wimbo baada ya wimbo, hata ule ambao mama hakuupenda, wakati miguu ya wazee inaganda. Nilidhani ameona ndiyo nafasi yake ya kuonyesha sauti. Tangu siku hiyo sijamsemesha. Nyumba yake na yangu zinatazamana, barabara tu katikati. Kila asubuhi tunakoroga kahawa kila mtu dirishani kwake, tukijifanya tunaangalia hali ya hewa.

Lakini sikuwa na wasiwasi, kwa sababu Desemba ilikuwa inakuja. Jumamosi Marlys alimwalika. Alikuja, akaketi kwenye kiti cha mbali kabisa, filamu ikaanza. Ikaisha. Mama hayupo wa kusema lile neno lake. Nikajikaza, nikasimama, nikaenda kwenye mkeka, nikainama kwa moyo wangu wote. Orrin naye alikuwa ametoka kuwaona mbuzi wenu. Akaja mbele mikono wazi, na kwa kuwa ni mfupi kuliko mimi na alikuwa na haraka ya kuimaliza aibu, kichwa changu kilimkuta mdomoni.

Jino lilidondoka kwenye bakuli la siagi. Orrin akashika mdomo, akaniambia, "Hata leo, Verlyn? Hata leo?" Akavaa buti, akaondoka. Yeye anaamini nilikusudia. Ndugu Mkurugenzi, nimekuwa nikiinama mbele ya mtu yule tangu nikiwa na miaka sita, na sasa nina sifa ya kuwa mbuzi wa kweli.

6. Hatari kwa taifa. Sitaki ionekane kwamba nalia na jino tu. Fikiria mbele. Wanaume wa bonde hili wakianza kukumbatiana, hawataishia hapo. Anayekumbatiwa huulizwa, "Vipi, uko sawa?" Anayeulizwa hujibu. Akijibu kwa ukweli, na sisi tuna miaka mingi ya majibu tuliyoyaweka akiba, mazungumzo yatapita saa ya kukamua. Ng'ombe asipokamuliwa kwa wakati huvimba kiwele na kupandwa na hasira. Maziwa yatapungua, viwanda vya jibini vitafungwa, na Wisconsin bila jibini ni baridi tu na ramani. Yote haya kwa sababu kijana fulani wa kompyuta aliona mbuzi wawili wenye adabu akadhani wana kasoro.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Kwanza, mkesha wa Krismasi mnaporudia filamu, muonyeshe ile ya zamani, na vumbi lake, na ule unywele wa Bw. Kuramochi unaoonekana juu ya pembe ya mbuzi wa kushoto. Kama haiwezekani, basi kituo chenu kiwajibike kwa kile kilichokianzisha: mtume mfanyakazi mwenye mikono mirefu aje saa moja jioni kumkumbatia Orrin kwa niaba yangu. Nyumba ni ya bluu, mbele ya yangu. Avue buti mlangoni na kuzigeuza zitazame nje. Asiwe yule mtangazaji wa hali ya hewa, maana Orrin hamwamini tangu Machi. Akimaliza amwambie kwamba sikukusudia, kisha aniletee jibu nitakapokuwa nimesimama dirishani.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kituo, wapiga picha, mama wa mapokezi ambaye amevumilia simu zangu saba, na hata huyo kijana wa kompyuta, ambaye bila shaka ana mama yake. Marlys anawasalimu na anauliza kama kuna mtu anayetaka stroberi.

Wako mwenye kukuinamia kwa umbali salama,
Verlyn Tollefsrud

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa bado sijaifunga bahasha. Mchana huu Orrin amevuka barabara na kopo la oili. Amevua buti mlangoni akazigeuza zitazame nje, ingawa mkesha bado. Nilisimama nikainama nikiwa hatua mbili kutoka kwake, kwa usalama wa meno yaliyobaki, na yeye akainama. Pumzi tatu zikapita, zikapita nyingine, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutuambia basi. Damu ilinishuka kichwani nikayumba, nikamshika bega, naye akanishika ili nisianguke. Marlys anasema jikoni kwamba huko ni kukumbatiana. Mimi nasema ni kuzuia ajali.

Ndipo Orrin akaniambia sikioni, akipiga mluzi kidogo kwenye pengo: "Kaka, zile nyimbo nilikuwa naziongeza makusudi. Mchungaji alishataka kufukia. Nikamwambia hatufukii mpaka mbuzi mwenzangu afike."

Kwa hiyo, Bi. Vossberg, nafuta namba 3, 4, 5 na 6, na mfanyakazi wenu asisumbuke kuja. Onyesheni mbuzi kwa namna yoyote mtakayopenda. Namba 1 na 2 zinabaki palepale, mvueni mzee yule buti, mrudishe na keki. Uniwie radhi kwa mwandiko wa ukurasa huu wa mwisho. Naandika kwa mkono mmoja, Orrin bado hajaniachia.