Plastiki Iliyokuwa Ikibanduka

Jamani, leo nimeadhirika. Mbele ya mkuu wa shule, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya kidato cha pili kizima. Nipo hapa kwenye intaneti kafe ya mjini, nawaandikia nyinyi wenzangu wa chuo cha ualimu kwa sababu mke wangu nimeshindwa kumwambia. Nimempitia nyumbani akaniuliza, "Mgeni amesemaje?" Nikasema nimesahau kununua viberiti, nikatoka.

Mnanijua mimi ni mtu wa mbao. Niletee mninga, niletee mkongo, niletee plaiwudi hata iliyonyeshewa, nitakutengenezea kabati. Ndiyo kazi niliyofundisha miaka yote katika karakana yetu huku njia ya Ihumwa. Lakini siku hizi kila mzazi anataka kompyuta. Mwanzoni mwa muhula mkuu wetu, Madamu Chisanza, akaniita ofisini.

"Mwalimu Chilongani, nakuambia mapema usije ukasema nimekuvizia. Nataka kile chumba chako kiwe cha kompyuta."

"Na karakana, madamu?"

"Watu wa mradi wa ufundi wametuletea plastiki na vifaa vyake. Mhandisi wao atakuja kuona kazi. Akiridhika, unabaki na karakana yako. Asiporidhika, meza zako naziweka nje."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Kile chumba ndicho maisha yangu (na randa yangu ya kwanza ipo mle).

Plastiki yenyewe inaitwa akriliki. Ni ngumu, imekatwa vipande bapa kama mbao. Karatasi za mzigo zinasema inaonyesha upande wa pili kama kioo. Ilifika wiki mbili zilizopita, ila Madamu akaifungia stoo. "Isiguswe mpaka siku ya mgeni, isije ikachafuka." Basi mimi na akriliki tumekutana kwa mara ya kwanza leo, saa moja asubuhi. Mgeni anakuja saa nane.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwemo. Kwa Kichina! Nikaambulia picha. Moja inaonyesha mkono umeshika kona ya kipande kwa vidole viwili. Nikawaambia wanafunzi, "Mnaona? Hivi ndivyo inavyoshikwa. Kwa adabu." Wote wakashika kona kwa vidole viwili. (Mungu anisamehe.)

Kazi ilikuwa kibao cha mezani chenye jina la mgeni. Tukapima, tukakata kwa msumeno wenye meno madogo, tukapiga tupa kingo zote. Hapo nilikuwa bwana. Ila kitu kimoja kikanitatiza: kioo gani hiki? Kilikuwa na ukungu wa samawati, ukiangalia upande wa pili unamwona mtu kama yuko ndani ya maziwa. Nikakisugua kwa msasa laini. Ukungu ukazidi. Nikaagiza dawa ya meno iletwe kutoka bwenini, nikasugua nayo. Ukazidi tena, na sasa kinanukia mnanaa.

"Mwalimu," akasema Neema, kiranja wa karakana, "mbona hapa konani panabanduka?"

Nikaangalia. Kweli. Ngozi nyembamba ya juu imeanza kuinuka. Lakini ugonjwa huo naujua mimi. Plaiwudi mbovu ndivyo inavyofanya, tabaka la juu linaachia. Nikawaambia kwa sauti ya mtaalamu, "Hii ni plastiki ya daraja la pili. Tabaka zake hazikushikana vizuri kiwandani. Leteni supa gluu."

Jamani. Nikagandisha kona zile, moja baada ya nyingine. Nikakandamiza kwa dole gumba, nikahesabu mpaka sitini. Kisha nikabana kwa jiliwa, kama plaiwudi. Kidato cha pili wameandika yote kwenye madaftari yao.

Ikaja zamu ya kukunja. Unalaza kipande juu ya waya wa moto uliokuja na vifaa, kinalainika kwenye mstari, unakunja kinasimama. Kilipopata joto kikaota malengelenge mstari mzima! Mbao haijawahi kuniota malengelenge. Nikawa sijui nizime umeme au niite nesi. Ila kilikunjika, tena kikakunjika sawasawa. Nikachukua rangi nyekundu na brashi ndogo, nikaandika kwa mkono wangu: KARIBU MHANDISI MBONEA. Herufi zilitulia, jamani. Nikajisemea, ukungu na malengelenge labda ndiyo urembo wenyewe.

Saa nane mgeni akaingia. Mama wa makamo, mpole, amevaa viatu vya kazi. Wanafunzi wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, mgeni wetu!" Akala zabibu mbili tatu tulizomwekea. Madamu Chisanza akampa kibao kwa mikono miwili.

Mama Mbonea akakitazama. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole kwenye malengelenge. Akakinusa. (Mnanaa!)

"Mwalimu," akaniuliza taratibu, "hii nailoni yake mbona hamkuitoa?"

"Nailoni ipi, mama?"

Akatia ukucha ukingoni, katikati ya kona mbili, akavuta. Fyaaa! Ngozi karibu yote ikabanduka, na KARIBU MHANDISI MBONEA ikatoka nayo, ikawa inaning'inia kidoleni kwake. Akageuza, akavuta na ya upande wa nyuma. Chini yake kukabaki kioo safi, cheupe, katikati hakina hata doa. Niliona uso wangu ndani yake kama kwenye kioo cha kujitazama. Mdomo ulikuwa wazi.

Kumbe kila kipande kinakuja kimevikwa nailoni ya kukilinda, pande zote mbili, na ile picha ya vidole viwili ilikuwa inaonyesha namna ya kuibandua! Nimesugua nailoni. Nimeipaka dawa ya meno nailoni. Nimeandika jina la mgeni juu ya nailoni!

Madamu Chisanza, Mungu ambariki, akaruka kuniokoa. "Tuliiacha makusudi, mama! Hapa kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni, kisije kikachakaa."

Mgeni akacheka sana. "Hilo nalielewa. Hata makochi yangu nyumbani bado yamevaa."

Nikapumua. Nikajua nimepona. Nikaanza hata kutabasamu.

"Ila," akasema, amekisogeza kibao karibu na macho, "mbona kwenye kona imegandishwa na gundi? Na hapa pana alama ya dole gumba."

Madamu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Neema, mtoto mwenye bidii kupita kiasi, akanyoosha mkono, akafungua daftari, akasoma: "Plastiki ya daraja la pili hubanduka tabaka la juu. Tiba yake ni supa gluu, kandamiza kwa dole gumba ukihesabu mpaka sitini."

Karakana ilipasuka kwa kicheko. Madamu alijifunika uso kwa kanga yake, mabega yanamtetemeka. Nilitamani waya wa moto unilainishe na mimi nikunjwe niwekwe kabatini.

Waliponyamaza, mgeni akakigeuza kibao. Akapitisha kidole kwenye kingo. Akapima mkunjo kwa jicho.

"Nani amekata hapa?"

"Wanafunzi, mama," nikasema.

"Na nani amewafundisha kupiga tupa hivi?"

"Mimi."

Akamgeukia Madamu. "Karakana isifungwe. Mikono ipo, tena mizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaeleza plastiki ni nini. Nitawaletea mkufunzi kuanzia Jumatatu."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mimi machozi yalikuwa karibu, nawaambieni ukweli. Nikamwambia, "Asante sana, mama. Nitamwandalia mkufunzi meza yangu ya mbele, na mimi nitamsaidia kusimamia darasa."

Madamu Chisanza akanishika bega. "Hapana, Mwalimu Chilongani. Wewe utakaa na kidato cha pili. Nyuma ya Neema. Na uje na daftari."