Hotuba ya Kufungua Bweni la Uvumilivu, Mute

Mheshimiwa Administradori wa Wilaya. Mheshimiwa Naibu wake. Mheshimiwa anayemshikia Naibu mwavuli. Masheikh mnaosoma maulidi na masheikh msiosoma, ambao nafurahi kuwaona mmekaa mbali mbali kwa amani. Wageni wetu wa gesi kutoka Palma. Wazazi, na wanafunzi wa Mwalimu Hamido: Asalaam alaykum! (Makofi. Spika inalia.)

Mimi Abdurrazaque, Mwenyekiti wa Kamati ya Uwastani na Uvumilivu katika Madrasa za Bweni, mtu nisiyependa kujisifu, ndiyo maana sifa zangu zimesomwa na shemeji, tangu gesi ivumbuliwe nimeratibu, nimewezesha na nimeshirikisha wadau, kwa mafanikio ya asilimia mia na nne, ili watoto hawa wajue kwamba Muislamu anayeswali tofauti na wewe si adui. (Vicheko.)

Wenye nongwa wanauliza tumekaa vikao vingapi. Kimoja, na hakijaisha. Nusu ya wajumbe walitaka tufungue kwa Fatiha, nusu wakasema huo uzushi, wakatoka. Mimi, mvumilivu namba moja, niliwafuata hadi barabarani kuwaelimisha, kiatu mkononi. (Bi Cadija, kutoka kwa wazazi: “Na ulimpata mmoja kisogoni, Mwenyekiti!”) Ahsante kwa mchango, dada yangu. Wageni wa gesi nao walitaka saini zetu kwenye karatasi moja ndipo watoe mabati ya bweni. Kila upande ukakataa kusaini chini ya mwenzake. Nikashauri tusaini kwa duara; tukagombania nani aanze.

(Mwalimu Hamido anasimama: “Mwenyekiti, watoto thelathini wanalala barazani, na mvua hiyo inakuja. Kuna mhubiri mgeni kawaahidi paa, sharti wasiwaamkie tena wazazi wao wanaosoma maulidi. Nimjibu nini?”)

Swali zuri, tumelipokea. Ila leo asubuhi nimeshuhudia watoto wa pande zote mbili wakila sinia moja, bila kikao, bila idhini ya kamati yangu. Jambo hilo nitaliandikia relatorio, yaani ripoti.

Viva uvumilivu! (Viva!) Viva kamati! (Kimya.)

Namalizia kwa kuwashukuru wageni kwa mabati, waliyoyarudisha Palma mwaka jana, na Bi Cadija kwa kanga tuliyoifanya utepe. Mheshimiwa Administradori, karibu ukate. Usitafute bweni nyuma yake, halikujengwa.

Sasa dua. Nani afunge? (Masheikh wa pande zote mbili wanasimama kwa pamoja.) Nyie watoto, mbona mnabeba mikeka? Mnakwenda wapi? Kwa yule mhubiri mwenye paa? Rudini! Kikao hakijafungwa!