Nani Iko Nyuma Yako?

Jumatatu, 6 Juni 1988

Nimeamua. Kuanzia kesho mimi ni mkimbiaji. Pekupeku!

Sababu ya kwanza: shangazi Medina alileta karanga zilizofungwa katika ukurasa wa gazeti kuukuu. Karanga nikala, ukurasa nikasoma. Unasema hakuna kiatu kinachoshinda mguu mtupu. Unasema pia kwamba anayeanza kukimbia mitaani lazima azingatie jambo moja kubwa, ambalo ni... Hapo umechanika. Si kitu. Jambo hilo nitaligundua mwenyewe.

Sababu ya pili, ndiyo ya kweli: Jumamosi ya wiki ijayo lori la shule litapeleka wakimbiaji Koboko. Mbio zitapita soko la Ludara. Mama yuko Ludara. Tangu turudi kutoka Sudan yeye analima huko na mimi nasoma hapa Arua, kwa shangazi. Sijamwona tangu mwaka jana. Nataka anione nikipita. Basi.

Tatizo: muda. Asubuhi sala, maji ya mtoni, kufagia, kubeba mandazi ya shangazi mpaka sokoni, shule. Jioni madrasa, kuni, vitabu. Lakini nimechunguza. Kati ya sala na maji kuna kipenyo ambacho bado hakuna mtu aliyekidai. Nitakimbia humo. Kutoka hapa Oli mpaka Dadamu, na kurudi.

Tatizo lingine: timu ina nahodha, Lukudu, na Lukudu hanijui. Tumesoma darasa moja miaka miwili. Dawati langu ni la watu wawili. Nakaa katikati.

Jumanne, 7 Juni

Siku kubwa! Nilitoka baada ya sala, miguu mitupu, ukungu bado uko juu ya mto. Kokoto zilinikumbusha kwamba mimi ni mtu wa vitabu. Nikakaza meno. Nikapita mbele ya nyumba ya mzee Celestino, fundi cherehani, jirani yetu. Nikamsalimu bila kusimama.

Baadaye kidogo nikasikia vishindo. Nikageuka. Watu! Mzee Celestino, wake wa majirani, watoto, mbuzi. Wote wanakimbia nyuma yangu. Nilipata furaha ambayo siwezi kuiandika vizuri. Siku ya kwanza tu na tayari nina wenzangu! Niliongeza mwendo kidogo, kwa adabu, nisiwazibie njia. Nao wakaongeza.

Nilishangaa tu kwamba mzee Celestino alikuwa amebeba cherehani kichwani. Nikafikiri, kila mtu na mazoezi yake.

Tulipofika Dadamu watu wa Dadamu nao wakatoka na magodoro. Hapo ndipo mama mmoja alinishika shati, macho yamemtoka, akaniuliza: "Nani iko nyuma yako?" Nikasema hakuna mtu. Akasema hivyo ndivyo walivyoambiwa mwaka wa themanini, vita vilipokuja.

Wakarudi wote pamoja, wakizungumza. Mimi nilirudi nyuma yao, peke yangu.

Shangazi aliacha mandazi kwenye mafuta akakimbia mpaka mtoni. Yameungua yote. Anasema katika mji huu, mtu akikimbia pekupeku alfajiri, hamumwulizi, munamfuata. Anasema miguu yangu itakuja kuua mtu.

Nimeelewa. Watu hawakujua ninakokwenda. Ni suala la kuonyesha kazi mkononi.

Alhamisi, 9 Juni

Leo nimekimbia na jerikani tupu. Hesabu yangu: mtu mwenye jerikani anakwenda kuchota maji, basi hana habari ya vita.

Kumbe! Shangazi ananieleza sasa, huku akikuna paji la uso. Ni kitu gani mtu anayekimbia vita anachukua kwanza? Jerikani. Cha pili sufuria. Anauliza nilikuwa wapi sisi sote tulipovuka kwenda Sudan. Nimemjibu nilikuwa mdogo. Amesema mdogo sana, na hata hivyo nilibeba jerikani.

Mzee Celestino safari hii alifika nusu ya njia tu, halafu akakaa juu ya jiwe na cherehani mapajani, akanitukana kwa Kilugbara, halafu kwa Kiswahili ili nisikose kitu. Ameniita mutoto ya bahati mbaya. Ameuliza kama baba yangu pia alikuwa hivi.

Baba simkumbuki vizuri. Nakumbuka kengele ya baiskeli yake.

Jumamosi, 11 Juni

Mpango wa tatu umefaulu, na umeniharibia. Nilikimbia na beseni la mandazi kichwani. Nani anakimbia vita na mandazi? Hakuna! Watu walinitazama wakatulia. Ajabu kweli. Nilijisifu kimoyomoyo mpaka kona ya msikiti.

Halafu mtu akaniita. Anataka mandazi. Nikasimama. Hatua chache, mwingine. Nikasimama. Wananiuliza hali, wananiuliza mandazi ya leo ni laini? Shangazi hajambo? Sijawahi kuzungumza na watu wengi hivyo kwa asubuhi moja. Beseni lilipokwisha, maneno nayo yakakwisha. Nilikuwa bado Oli. Dadamu sikuiona.

Shangazi amefurahi sana. Anataka nikimbie hivi kila siku.

Jumatatu, 13 Juni

Shule nzima imepata habari. Lukudu amenipa jina: Radio. Nilipoingia darasani aliuliza kwa sauti, "Wee Radio, leo vita iko wapi?" Wakacheka wote. Nilicheka pia, kwa kuchelewa, nikawa nacheka peke yangu.

Lakini sasa ananijua! Nimeitumia nafasi hiyo. Wakati wa mapumziko nilimfuata uwanjani, akiwa anafunga kamba za raba zake nyeupe. Nikamwambia insha yake ya kesho nitaiandika mimi, naye anitilie neno kwa mwalimu Natale, mwalimu wetu wa insha na wa michezo. Nataka nafasi katika lori, hata kama ni kushika viatu vya wengine. Lukudu alinitazama miguu. Akasema iwe insha nzuri. Akasema na makosa machache niweke, asije akashukiwa.

Insha ni juu ya safari isiyosahaulika. Nimeandika tulivyokimbilia Sudan. Njia usiku kucha, mkono wa mama umeshika mkono wangu, mimi nauliza tunakwenda wapi, yeye hajibu, anavuta tu. Nimeweka makosa mawili. Moja nimelifuta, liliniuma.

Jumatano, 15 Juni

Mwalimu Natale alisoma insha ya Lukudu mbele ya darasa zima. Alipofika kwenye mkono wa mama alisimama, akavua miwani, akaifuta. Halafu darasa likapiga makofi. Nami nikapiga. Makofi yangu yalikuwa makubwa kuliko ya wote mpaka mtu wa dawati la mbele akaniambia nipunguze.

Mwalimu alimwambia Lukudu kwamba hakujua ana moyo wa namna hiyo. Lukudu alitazama chini. Mimi nikatazama dirishani.

Yangu, ambayo niliiandika kwa haraka asubuhi, imerudi na neno moja: kavu.

Si kitu. Nimepata lori! Mkimbiaji mmoja ana malaria, na Lukudu amesema jina langu. Fulana ya namba hakuna, zimekwisha. Nitakimbia na shati langu.

Nimemtafuta Sule, mfanyabiashara wa samaki wakavu anayekwenda Koboko. Nimempa ujumbe kwa mama, neno kwa neno, akaurudia mbele yangu bila kukosea: Jumamosi mwanawe Sulaiti atapita soko la Ludara, atakuwa anakimbia, mama asimame kando ya njia.

Ujumbe mfupi, wazi. Hauwezi kuharibika.

Jumamosi, 18 Juni

Sijui nianze wapi. Naandika ndani ya lori, herufi zinaruka.

Tulianza vizuri. Koboko mjini watu walisimama kando ya njia wakashangilia. Lukudu mbele, raba zinang'aa. Wengine nyuma yake, fulana za namba. Mimi nyuma ya wengine. Halafu mimi nyuma ya vumbi la wengine. Halafu mimi na mihogo kushoto na kulia, na vumbi limeshatua.

Niligeuka mara kwa mara kuona kama kuna mtu nyuma. Ni mazoea. Hakukuwa na mtu.

Kundi lilipita soko la Ludara mapema, na watu walikuwa wameambiwa juu ya vijana wenye namba. Wakawapigia vigelegele, wakarudi kwenye ndizi zao. Hakuna aliyewaambia juu yangu. Basi nikatokea. Sina namba, sina viatu, nahema kama mvukuto, nageuka nyuma. Mzee mmoja mwenye ng'ombe aliinuka akaniuliza kwa sauti ya soko zima: "Nani iko nyuma yako?"

Nilitaka kusema ukweli. Nikasema: "Hakuna! Mimi ndiye wa mwisho!"

Halafu soko likainuka. Likainuka lote! Nyanya zikamwagika, majani ya chai yakaruka, mwenye ng'ombe akawa mbele ya ng'ombe wake. Nikapunga mikono na kupiga kelele kwamba ni mashindano tu. Mwanamke mmoja akajibu akikimbia kwamba amesikia, amesikia, nami nisisimame.

Mama alikuwa pale nilipoomba asimame, kando ya njia. Amejitanda khanga yake ya kijani. Kichwani ana furushi, tayari limefungwa. Sule alikuwa amefikisha ujumbe bila kukosea neno: Jumamosi mwanawe Sulaiti atapita, atakuwa anakimbia.

Hakuniuliza kitu. Alinishika mkono akavuta.

Nani alijua mama anakimbia hivyo! Miguu mitupu, furushi halitikisiki. Tuliwapita wenye magodoro. Tukampita mwenye ng'ombe. Nilijaribu kueleza, pumzi haikutosha. Halafu nikaacha kujaribu. Andika ukweli, Sulaiti, hakuna anayesoma hapa: niliacha kwa makusudi. Sijawahi kukimbia na mtu. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, ulinibana vidole mpaka vikauma, na nilitaka tufike mbali.

Tulisimama ng'ambo ya kijito, ndani ya shamba la muhogo. Hapo ndipo nikamwambia. Hakuna vita, mama. Ni michezo ya shule. Nilitaka unione.

Halafu akachukua kijiti cha muhogo akanichapa, mara chache, bila nguvu, huku machozi yanamtoka na kicheko nacho kinamtoka. Akasema ameniona. Akauliza kama sasa nimeridhika.

Akafungua furushi tupate kula. Muhogo uliochemshwa na maganda yake, karanga za kusaga, chumvi ndani ya kitambaa. Chini kabisa kulikuwa na shati dogo lenye mistari. Langu, la wakati ule. Nilicheka, nikamwambia halinifikii hata kwapani. Alisema anajua. Akalikunja tena.

Nikamwuliza kwa nini hakuuliza kwanza nani ananifukuza. Alimenya muhogo mpaka ukaisha ganda. Akasema: "Baba yako aliuliza kwanza. Akarudi kuangalia, na baiskeli yake."

Sikujua hilo. Mbali tulisikia watu wa soko wakirudi, wanaitana majina, wanagombana juu ya nyanya ni za nani. Mama akainuka akasema na yeye ana nyanya. Alinisindikiza mpaka njia panda. Tulikwenda polepole, kwa hiari yangu.

Lukudu hakuonekana mpaka lori lilipokuwa linawashwa. Aliposikia soko zima linakuja nyuma yake hakusimama kwenye utepe wa kumalizia mbio. Aliukata, akaendelea kuelekea mpakani. Amerudi na mtu wa baiskeli, bila raba. Alizitupa njiani ili apate mwendo.

Ukurasa ulisema kweli! Hakuna kiatu kinachoshinda mguu mtupu.

Jumatatu, 20 Juni

Mwalimu Natale amenikataza kukimbia mahali penye watu. Shangazi amenikataza kukimbia mahali pasipo na watu, kwa sababu huko ndiko hatari inakotokea. Lukudu ananipita kama mlango. Anatembea kwa uangalifu, nyayo zimechubuka. Nilimwambia dawa ni kupaka mafuta ya shea jioni. Alisema asante, kwa sauti ya chini, halafu akaenda kukaa na wenzake. Dawati langu, mimi katikati.

Natamani siku ya kijito na shamba la muhogo irudi. Nimekaa kuifikiria kisomi, bila hasira, na sasa naona wazi kosa lilikuwa wapi. Si miguu yangu. Si kukimbia. Watu hawana habari za kutosha! Wanaona mtu anakuja, hawana maelezo. Lazima mkimbiaji awe na maelezo yake mwilini. Nina hakika hilo ndilo jambo moja kubwa lililochanika katika ukurasa.

Nimemwomba mzee Celestino anishonee herufi kwenye shati. Aliponiona tu alinyanyua cherehani akafunga mlango. Nimetumia mkaa na ute wa bamia, inashika vizuri. VITA VIMEKWISHA. Habari njema, fupi, hata mtu wa mbali ataisoma. Nafasi haikutosha upande mmoja, basi nimegawa. Kifuani, herufi kubwa kadiri kifua kilivyoruhusu: VITA. Mgongoni: VIMEKWISHA.

Kesho baada ya sala, kabla ya maji. Oli mpaka Dadamu. Shati limekwisha kukauka, liko juu ya kamba, linaonekana tangu barabarani.

Kitu kinaniambia kesho sitakimbia peke yangu.